Jasho, sabuni na mawese ya Kongo: namna harufu ya kwapa ilivyogeuzwa biashara

Mwezi wa tano mwaka 1919, wanawake wa Marekani waliofungua jarida la Ladies' Home Journal walikuta tangazo lililozungumzia kwapa. Wakati ule hilo halikuwa jambo la kutajwa mbele ya watu. Tangazo lilieleza kwamba mwanamke anaweza kunuka jasho bila yeye mwenyewe kujua, na kwamba hata rafiki yake hatamwambia. Wasomaji karibu 200 walikasirika, wakaacha kulipia jarida hilo. Lakini dawa iliyotangazwa, Odorono, ilipata wateja kuliko wakati wowote: katika muda wa mwaka mmoja mauzo yake yalipanda kwa asilimia 112 na kufika dola elfu 417.

Dawa yenyewe haikuwa mpya. Iligunduliwa na daktari mpasuaji wa mji wa Cincinnati ambaye hakutaka mikono yake itoke jasho wakati wa kupasua wagonjwa. Binti yake, Edna Murphey, aliijaribu kwenye kwapa, akaona inafaa, akaanza kuiuza. Haikuwa rahisi kuitumia. Ilikuwa nyekundu, ilichanganywa na asidi, iliwasha ngozi na kula nguo. Kazi kubwa ilifanywa na chumvi ya aluminiamu inayoziba vitundu vya jasho, na mpaka leo dawa nyingi za kuzuia jasho zinatumia aluminiamu. Kabla yake, tangu mwaka 1888, Wamarekani walikuwa na Mum, mafuta ya kupaka yaliyopunguza harufu bila kuzuia jasho.

Mtu aliyeandika tangazo lile aliitwa James Webb Young, na zamani alikuwa akiuza Biblia. Uchunguzi aliofanyiwa ulionyesha jambo moja: wanawake waliijua Odorono, lakini theluthi mbili walisema hawaihitaji. Walikuwa na maji na sabuni, wakaona inatosha. Kuwaeleza uzuri wa dawa kusingesaidia kitu. Young akawauzia woga.

Na woga huo ulisimama juu ya ukweli mdogo sana. Jasho la mtu, linapotoka tu, karibu halina harufu. Harufu inaletwa na bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kwapa na kula yaliyomo ndani ya jasho hilo. Si ugonjwa, na haiui mtu. Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka msalani ni jambo lingine kabisa. Wakaaji wa mashariki ya Kongo, ambao kipindupindu kimewapiga hodi mara nyingi, hawahitaji kuelezwa hilo.

Tofauti hiyo ilifutwa pia na watengenezaji wa sabuni. Kampuni ya Kiingereza Lever Brothers ilikuwa ikitengeneza Lifebuoy, sabuni nyekundu yenye dawa ya kuua vijidudu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1894 kama kinga dhidi ya magonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920, tawi lake la Marekani lilibadilisha wimbo. Matangazo ya Lifebuoy yakaanza kuonyesha mfanyakazi asiyepandishwa cheo na msichana asiyepata mchumba, kisa harufu ya mwili, iliyofupishwa kwa herufi mbili: B.O. Kwenye redio herufi hizo zilitamkwa kwa sauti nzito kama honi ya meli kwenye ukungu. Watu wakacheka, wakanunua.

Jina la Lever linajulikana Kongo kwa sababu nyingine. William Lever alianza kuuza sabuni ya Sunlight mwaka 1884, akiitengeneza zaidi kwa mafuta ya mimea. Kadiri Wazungu walivyozidi kuoga na kufua kwa sabuni, ndivyo alivyozidi kuhitaji mafuta. Waingereza walimkatalia ardhi katika makoloni yao ya Afrika Magharibi, ndipo akageukia Ubelgiji. Tarehe 14 mwezi wa nne mwaka 1911 aliwekeana mkataba na serkali ya Wabelgiji, ikaundwa Huileries du Congo Belge. Kampuni ilipewa maduara matano ya misitu ya ngazi, kila moja lenye kilomita 60 kutoka katikati hadi ukingoni. Makao makuu yakawa Lusanga, huko Kwilu, pakaitwa Leverville. Duara la Elisabetha lilikuwa kwenye mto, chini ya Kisangani. Leo panaitwa Lokutu, jimbo la Tshopo.

Kwenye karatasi, mkataba ulikuwa mzuri: mashule, hospitali, mshahara usiopungua santimu 25 kwa siku. Kule Uingereza, Lever alijengea wafanyakazi wake kijiji chenye bustani, Port Sunlight. Kwilu haikupata bustani. Mkata ngazi alijifunga mkanda, akapanda mti mrefu, akakata kichane, akashuka, akaanza mwingine. Wanawake na watoto walibeba mizigo mpaka kituoni. Wengi hawakuja kwa hiari: kodi ilidaiwa kwa franga, machifu waliagizwa kutoa watu, na aliyekataa alijua gereza na fimbo ya chikoti. Katika miaka ya 1920, ripoti za madaktari kuhusu Leverville zilieleza chakula kidogo na makazi mabaya kambini. Jasho la watu hao halikumsumbua mwandishi yeyote wa matangazo.

Lever alifariki mwaka 1925. Miaka minne baadaye kampuni yake iliungana na Waholanzi, ikazaliwa Unilever. Mwaka huohuo uchumi wa dunia ulianguka na bei ya mawese ikashuka. Kampuni ikapunguza malipo ya ngazi kwa wakataji, lakini kodi ikabaki palepale. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu wakakataa. Tarehe 8 mwezi wa sita waliua afisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot, na jeshi likatumwa. Wapende zaidi ya 500 waliuawa.

Miaka hiyohiyo, kule Marekani, honi ya Lifebuoy iliendelea kulia kwenye redio, ikiuliza wasikilizaji kama wana uhakika kwamba hawanuki. Unilever iliuza mashamba yake ya Kongo mwaka 2009, lakini bado inauza sabuni na deodoranti duniani kote. Huko Lokutu ngazi zinaendelea kukatwa. Kwa mkono, kichane baada ya kichane.