Duka la Bure na Gharama Zake

Akina mama wengi wa jumuiya zetu huku ughaibuni huuza mabuibui, kofia za mkono, udi na visheti kwa simu: picha hutumwa, bei huulizwa, na hesabu hubaki kichwani. Biashara ikikua, vijana wetu huwashauri wafungue duka katika intaneti, wakaongeza kwamba programu yake ni ya bure. Neno hilo ni kweli, lakini yafaa lifafanuliwe kabla mtaji wa familia haujatolewa.

Programu zinazokusudiwa ni zile ziitwazo huria. Mwandishi wake huacha maandishi ya programu wazi, akamruhusu kila mtu kuyasoma, kuyabadilisha na kuwapa wengine. Huko Ujerumani, Harald Ponce de Leon alianzisha osCommerce mwaka 2000. Mwaka 2003 wengine wakaichukua, wakaitengeneza kwa namna yao na kuiita Zen Cart, wala hapakuwa na wizi. WooCommerce, mojawapo ya zilizo maarufu sana siku hizi, ilitolewa mwaka 2011 na kampuni ya WooThemes ya Cape Town (tusidhani kila chombo hutoka Marekani), nayo kampuni hiyo ikanunuliwa na Automattic mwaka 2015.

Programu hizi hujengwa kwa vipande viitwavyo moduli, mfano wa nyumba inayoongezwa vyumba kadiri watoto wanavyozaliwa. Kiini cha WooCommerce huonyesha bidhaa, hupokea maagizo ya wateja na huhesabu bidhaa zilizobaki. Daftari hilo humfaa pia mwenye mali mwaka unapotimia na zaka ya biashara ikahesabiwa. Malipo ya benki, na ya fedha taslimu mzigo unapofika, yamo tayari. Mengine huongezwa, na asiyetaka jambo huliacha. Zipo, kwa mfano, moduli za kuuza kwa mkopo kupitia kampuni za fedha, na baadhi ya kampuni hizo humtoza ziada anayechelewa kulipa. Mwenye shaka na amwulize mwanachuoni kwanza.

Hata hivyo, kila moduli ni mgeni aliyekabidhiwa ufunguo. Baadhi hulipiwa ada kila mwaka; nyingine hutelekezwa na waandishi wake. Kupitia moduli isiyosasishwa mwizi huweza kupenyeza maandishi yanayonakili namba za kadi mteja anapozichapa, na duka likaendelea kuonekana salama kabisa. Amana ya wateja hupotea mwenyewe hana habari.

Hata programu nzima hufikia ukomo. Toleo la kwanza la Magento, lililotoka mwaka 2008, liliacha kuhudumiwa na wenyewe Juni 2020. Hapo ndipo uhuria ulipofaa: watu wa kujitolea wameendelea kulitunza kwa jina la OpenMage. Lau maandishi yake yangekuwa yamefungwa, wasingeweza.

Basi mama aliyeambiwa "bure" na atenge fedha za kukodi nafasi ya kuhifadhia duka, ada ya jina la duka, na ujira wa atakayelitunza mwezi hadi mwezi. Namba za kadi zisihifadhiwe dukani. Zipokewe na kampuni ya malipo. Na kabla kijana hajaanza kazi aulizwe, hata akiwa mtoto wa dada: jina la duka litaandikishwa kwa nani, maneno ya siri atakaa nayo nani, na nakala ya akiba itawekwa wapi.