Kulabu ya Mkiani

Tarehe 10 Machi 1967, wakati wa Vita vya Vietnam, ndege mbili za Marekani aina ya F-4 Phantom zilikuwa zikirudi kutoka kushambulia kiwanda cha chuma cha Thai Nguyen, kaskazini ya Hanoi. Zote mbili zilikuwa zimepigwa. Ile ya Kapteni Earl Aman ilivuja mafuta kiasi kwamba isingefika Laos, na yeye na mwenzake wangelazimika kujirusha kwa miavuli juu ya ardhi ya adui. Kapteni Bob Pardo, aliyekuwa kwenye ndege ya pili pamoja na mwenzake, akaamua kuwasukuma humo humo angani.

Alijaribu kwanza kuegemeza pua ya ndege yake nyuma ya ndege ya Aman, lakini hewa iliyovurugika ikamkatalia. Ndipo akamwambia Aman ateremshe kulabu yake, yaani fimbo ndefu ya chuma inayolala chini ya mkia. Pardo akasogea polepole mpaka kulabu ikagusa kioo chake cha mbele, akaanza kusukuma. Kioo kikaanza kupasuka. Akaihamishia kulabu kwenye kipande cha chuma chini ya kioo. Iliteleza mara kwa mara, naye kila mara akaifuata tena. Injini za Aman zilikuwa kimya, na ndege yake, iliyokuwa ikishuka mita 900 kwa dakika, sasa ikawa inashuka nusu ya hapo. Kisha injini moja ya Pardo ikashika moto. Akaizima, akaendelea kusukuma kwa iliyobaki. Walipofika juu ya Laos wote wanne walijirusha, na wote wanne wakaokolewa. Mwaka 1989, miaka 22 baadaye, Pardo alitunukiwa nishani ya Silver Star.

Ndege hizo zilikuwa za Jeshi la Anga na ziliruka kutoka uwanja wa nchi kavu, huko Thailand. Kulabu ilitafuta nini chini ya mikia yake? Phantom iliundwa kwanza kwa ajili ya wanamaji, itue juu ya meli. Jeshi la Anga lilipoichukua, liliichukua na kulabu yake.

Asili ya chuma hicho ni ya zamani kuliko Phantom kwa nusu karne. Tarehe 18 Januari 1911, rubani Eugene Ely alitua juu ya meli ya kivita USS Pennsylvania iliyotia nanga katika ghuba ya San Francisco. Mabaharia walikuwa wametandika jukwaa la mbao juu ya sitaha, wakakingamisha kamba juu yake, kila kamba ikiwa imefungwa mifuko ya mchanga kwenye ncha zake mbili. Chini ya ndege yake ndogo ya Curtiss palikuwa na kulabu kadhaa. Zikanasa kamba moja baada ya nyingine, kila kamba ikaburura mifuko yake, na ndege ikasimama kabla jukwaa halijaisha.

Kanuni hiyo ndiyo inayotumika hadi leo, ila mifuko ya mchanga imeondoka. Kwenye meli za Marekani za kubeba ndege, nyaya za chuma tatu au nne hukingama sitahani, kila waya ukiwa mnene kama kidole gumba cha mtu mzima au zaidi. Ncha zake huingia chini ya sitaha hadi kwenye mitambo mikubwa. Kulabu inaponasa, waya huvutwa nje, na mitambo hiyo huukaza kwa nguvu inayopimwa kulingana na uzito wa ndege inayotua. Ndege ya tani 20 inayokuja kwa kasi ya kilomita 240 kwa saa husimamishwa ndani ya mita 100 hivi, kwa sekunde mbili au tatu tu. Mikanda humbana rubani kifuani na kichwa humwinamia mbele.

Liko jambo ambalo humshangaza kila anayelisikia kwa mara ya kwanza. Magurudumu yanapogusa sitaha, rubani hapunguzi moto wa injini. Anauongeza hadi mwisho. Sababu ni kwamba hawezi kujua kwa hakika kama kulabu imenasa. Ikikosa nyaya zote, mbele yake kuna kipande kifupi cha sitaha, kisha bahari. Injini zikiwa tayari zinanguruma kwa nguvu zote, ataruka tena, azunguke, arudi kujaribu upya. Angengoja kwanza kuona kama amenaswa, angekuwa amechelewa.

Utuaji wa namna hii huamua umbo la ndege nzima. Rubani wa uwanjani huinua pua kidogo mwishoni ili magurudumu yaguse lami kwa upole. Rubani wa melini haruhusiwi upole huo, kwa kuwa akipitiliza mita chache ameziruka nyaya. Anashuka kwa mteremko ule ule mpaka ndege inajibwaga sitahani kwa kishindo. Kwa hiyo miguu ya ndege ya wanamaji hufanywa minene na imara, na kulabu yake hufungwa kwenye mifupa mikuu ya mwili wa ndege, iweze kuvutwa hivyo mamia ya mara. Uimara huo una gharama: ndege inakuwa nzito kuliko ndugu yake wa nchi kavu.

Huko nchi kavu, kulabu ni kinga ya siku mbaya. Ndege kama F-15 na F-16 hutua kwa magurudumu na breki maisha yao yote, na huenda kulabu isiguse waya kwa miaka. Lakini breki zikifa, mfumo wa haidroliki ukivuja, au injini ikikataa katikati ya mbio za kuruka, rubani huteremsha kulabu na kutafuta waya uliokingama barabarani. Viwanja vingi vya kijeshi huwa na waya wa namna hiyo. Huinuliwa kidogo juu ya lami kwa visahani vya mpira ili kulabu ipate nafasi ya kupita chini yake.

Zamani waya huo uliunganishwa na minyororo mizito ya nanga za meli iliyolazwa kando ya njia. Ndege ilipozidi kwenda mbele, ndivyo ilivyozidi kuburura pingili nyingi, mpaka ikachoka. Mtambo uliosambaa sana baadaye, BAK-12 wa Marekani, una mikanda ya nailoni iliyozungushwa kwenye magurudumu mawili, moja kila upande wa njia, na kila moja hukabwa na breki za ndege ya mabomu aina ya B-52. Hapa ndege hupewa nafasi ya kutosha, karibu mita 300, mara tatu ya ile ya melini. Nafasi hiyo inaruhusu kulabu ya nchi kavu kuwa nyepesi. Ile ya F-16 ni ubapa wa chuma tu, na ikishashushwa, mafundi ndio huirudisha mahali pake.

Hata Afrika Mashariki kulabu hizi zipo. F-5E, ndege ambazo Kenya imekuwa nazo tangu miaka ya 1970, ziliundwa zikiwa na kulabu ya dharura chini ya mkia.

Finland imezitumia kulabu hizi zaidi ya hapo. Nchi hiyo haina meli ya kubeba ndege, lakini ilinunua F/A-18 Hornet, ndege ya wanamaji wa Marekani, pamoja na kulabu yake nene. Marubani wake hufanya mazoezi ya kutua kwenye vipande vya barabara kuu ya magari katikati ya misitu, na waya unaokingamishwa barabarani huwasimamisha. Vita vikija na viwanja vikapigwa mabomu, ndege zitakuwa na pa kushukia, hata kama lami imefunikwa na barafu.

Usalama huu wote unategemea waya na mtambo wake. Tarehe 18 Machi 2016, kwenye meli USS Dwight D. Eisenhower, waya ulikatika ndege aina ya E-2C Hawkeye ikiwa imeshanasa. Ndege ilidondoka mbele ya meli, ikakaribia kugusa maji, kisha marubani wakaiinua. Waya uliokatika ulichapa sitaha na kujeruhi mabaharia 8. Mwishoni mwa mwaka huo huo, meli ya Urusi Admiral Kuznetsov ilipoteza ndege mbili katika Bahari ya Mediterania ndani ya wiki tatu. Ya kwanza, MiG-29K, iliishiwa mafuta ikingoja hewani wakati mitambo ya nyaya inatengenezwa. Ya pili, Su-33, ilinasa waya, waya ukakatika, ikatumbukia baharini.

Hata mabingwa wa kazi hii hukosea hesabu. Katika majaribio ya mwanzo ya F-35C, ndege mpya ya wanamaji wa Marekani, kulabu ilishindwa kabisa kunasa. Ilikuwa karibu mno na magurudumu. Magurudumu yalipopita juu ya waya, waya ulilala chini, na kabla haujainuka kulabu ilikuwa imeshapita juu yake. Wahandisi wakairekebisha: ncha ikachongwa iweze kuuchota waya uliolala, na kifaa kinachoikandamiza chini kikaongezewa nguvu. Tarehe 3 Novemba 2014, F-35C ilitua juu ya USS Nimitz na kunasa.

Ndege hiyo ina ndugu wawili wanaofanana nayo mno. F-35A ya viwanjani inayo kulabu nyepesi, iliyofichwa nyuma ya milango midogo ikisubiri dharura. F-35B, inayoweza kushuka wima kama helikopta, haina kulabu kabisa. Msomaji akitaka kujua ndege ya kivita ilikusudiwa kutua wapi, atazame kwanza chini ya mkia.