Mbinu ya Mwalimu Husambaaje?

Kilomita chache kutoka mji wa Kilosa, mkoani Morogoro, pana mahali paitwapo Ilonga, penye kituo cha utafiti wa kilimo ambacho jina lake linafahamika kwa wakulima wengi wa mahindi nchini. Mwaka 1983 mpango wa taifa wa utafiti wa mahindi, uliokuwa na makao yake hapo, ulitoa aina tatu za mbegu: Kito, Staha na Kilima. Kito ilipendwa kwa kuwa hukomaa mapema, na kwa hiyo huwafaa wakulima wa sehemu ambazo mvua hukatika upesi. Mkulima wa Mabwerebwere, kata ya vijijini katika wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, hakulazimika kumjua mtafiti aliyeizalisha mbegu hiyo ndipo aipande. Alihitaji kuiona imestawi katika shamba la mfano au shamba la jirani, kisha aipate. Kila kitu kilichokuwa muhimu kilikuwa kimo ndani ya punje.

Hapo hapo Ilonga pana pia chuo cha ualimu. Kwa miaka mingi vijana wametoka chuoni hapo kwenda kufundisha katika shule mbalimbali, na bila shaka baadhi yao wamegundua, kwa kujaribu na kukosea, namna nzuri za kufundisha jambo fulani gumu. Ugunduzi wa aina hiyo hufika wapi? Mbegu bora iliyopatikana Ilonga ilifika mikoa ya mbali. Somo bora lililobuniwa na mwalimu wa kidato cha tatu, aghalabu halifiki hata chumba cha pili, ambako mwenzake anafundisha mada ile ile, saa ile ile, kwa njia isiyoeleweka.

Wengi hudhani kwamba dawa ni kuandika. Mwalimu hodari aandike andalio la somo, linakiliwe, ligawiwe shuleni kote. Lakini andalio, hata liwe limetayarishwa kwa uangalifu wa namna gani, si punje ya mbegu. Chukua mfano wa jaribio la osmosisi ambalo limo katika vitabu vingi vya biolojia. Kiazi kibichi humenywa, huchimbwa shimo kwa juu, husimamishwa katika sahani yenye maji, na shimo lake hutiwa kijiko kimoja cha sukari. Kiazi cha pili hufanyiwa vivyo hivyo, ila hicho huchemshwa kwanza. Baada ya saa kadhaa, shimo la kiazi kibichi huwa limejaa maji ya sukari, lakini katika kile kilichochemshwa maji hayapandi kwa namna hiyo, kwa sababu joto limeua seli zake na kuharibu tando ambazo huruhusu maji kupita na kuizuia sukari. Palipokosekana viazi, papai bichi hufanya kazi hiyo bila taabu.

Jaribio ni rahisi, wala halihitaji maabara. Hata hivyo, walimu wawili wakilifanya kwa kufuata maelezo yale yale, mmoja anaweza kufaulu na mwingine akashindwa kabisa. Kipindi kimoja ni dakika 40, na matokeo ya wazi huhitaji muda mrefu zaidi ya huo. Mwalimu mzoefu huweka seti ya kwanza ya viazi kabla wanafunzi hawajaenda mstarini asubuhi, kisha huanza seti ya pili mbele ya macho yao ili waone kwamba hapana mazingaombwe. Tena, kabla ya kufunua ile ya asubuhi, humwagiza kila mwanafunzi aandike katika daftari lake anachotarajia kukiona, na kwa nini. Mwanafunzi ambaye hakutabiri neno huona maji shimoni, akanakili, akapita. Aliyetabiri kwamba shimo litakauka hushtuka, na mshtuko huo ndio mwanzo wa kufikiri.

Lakini kilele cha somo kipo mbele zaidi. Wanafunzi wengi watasema kwamba maji yale yametoka katika sukari yenyewe, kwa kuwa imeyeyuka. Mwalimu asiye na uzoefu huwasahihisha papo hapo na kuandika fasili ubaoni. Mwenye uzoefu hunyamaza, akaonyesha kile kiazi kilichochemshwa, akauliza: hapa nako sukari ipo, basi mbona shimo halikujaa? Swali hilo moja lina thamani kuliko fasili tano. Nalo halimo katika andalio. Katika safu ya vitendo vya mwalimu imeandikwa tu kwamba ataongoza jaribio, na katika safu ya vitendo vya wanafunzi kwamba watatazama na kujibu maswali. Mkaguzi angelipitisha bila shaka yoyote. Mwalimu yule akihamishwa au akistaafu, viazi hubaki na swali huondoka naye.

Zipo mbinu nyingine zinazosambaa bila msaada wa mtu, na kwa bahati mbaya si zile zilizo bora. Mwaka 1975 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Dan Lortie, alichapisha kitabu juu ya kazi ya ualimu ambamo alikadiria kwamba mwanafunzi wa nchi yake, mpaka amalizapo shule, huwa amekaa mbele ya walimu kwa saa 13,000 hivi. Muda wote huo, alieleza Lortie, mtoto yumo katika uanagenzi wa namna ya peke yake: anautazama ualimu akiwa amekaa kwenye dawati, akiona yale ambayo mwalimu hutenda bila kuona sababu zake. Kijana huyo anapoingia chuo cha ualimu hujifunza mbinu mpya kwa miaka miwili au mitatu. Anapofika darasani na wanafunzi wakaanza kumlemea, hurudia alichokiona kwa saa zile 13,000. Kunakili ubaoni husambaa hivyo, na kejeli kwa mwanafunzi mwenye swali gumu husambaa hivyo pia.

Juu ya kejeli hiyo Tanzania inao mfano uliojulikana dunia nzima. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na kutiwa sukari, nao walitakiwa wayaache yapoe kabla ya kuyaingiza katika jokofu. Nafasi ilikuwa haba. Mpemba, kwa kuogopa kuikosa, aliyaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto, pamoja na ya mwenzake ambaye hakuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena walipofundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Jibu alilopewa ni kwamba hiyo ilikuwa fizikia yake mwenyewe wala si fizikia ya ulimwengu, na tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu darasa zima lilimdhihaki kwa maneno ya namna hiyo hiyo.

Ikatokea kwamba Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikwenda Mkwawa kutoa mhadhara, na Mpemba akamuuliza swali lile lile mbele ya wenzake, wakacheka. Osborne hakulikubali jambo lile wala hakulikataa. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza lijaribiwe katika maabara. Mwaka 1969 wawili hao, mwanafunzi na mhadhiri, walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama sifa ya ushupavu wa mwanafunzi, na sifa hiyo ni haki yake. Kinachosahauliwa ni jinsi swali lilivyosafiri. Jarida lile ni la walimu wa fizikia. Kwa kuwa makala iliandikwa kwa ajili yao, ikieleza kilichofanyika na namna ya kukirudia, walimu wa nchi mbalimbali waliweza kulipeleka swali la Magamba madarasani mwao na kulijaribu. Jambo lenyewe halijakwisha: wapo waliopata matokeo kama ya Mpemba, na mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wa Uingereza, walichapisha uchunguzi ambao haukupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi. Kwa darasa la sayansi hilo si hasara hata kidogo, maana mwanafunzi wa leo anaweza kulipima swali ambalo wataalamu bado wanabishania. Jibu la dhihaka, kwa upande wake, halikuhitaji jarida lolote ili lidumu.

Juhudi za kuwawezesha walimu kujifunza wakiwa kazini si ngeni katika Afrika Mashariki. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, Tanzania iliandaa walimu kwa njia ya mafunzo ya mbali, wakifundisha huku wakisoma kwa posta na kwa redio chini ya uangalizi wa walimu waliowatangulia. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Nchini Kenya, mwaka 1998 ulianza mpango wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari, kwa msaada wa serikali ya Japani, kwanza katika wilaya tisa, kisha nchi nzima. Mpango huo ulisisitiza vitendo, majaribio na ubunifu wa zana kutokana na vitu vilivyopo. Mafunzo yalishuka kwa ngazi: wakufunzi wa taifa waliwafunza wa wilaya, nao wakawafunza walimu. Njia hii hufikia watu wengi kwa haraka, lakini ina kasoro moja ya maumbile. Kila ngazi hupunguza kitu, na kinachopungua kwanza ni vitu vidogo kama lile swali la kiazi kilichochemshwa.

Wajapani wenyewe wana desturi nyingine, iliyoanza tangu mwisho wa karne ya 19, ambayo huitwa uchunguzi wa somo. Ulimwengu mpana uliisikia hasa baada ya 1999, James Stigler na James Hiebert walipoieleza katika kitabu chao juu ya ufundishaji wa hisabati nchini Marekani, Ujerumani na Japani. Walimu kadhaa huchagua somo moja tu linalowatatiza wanafunzi. Huliandaa pamoja, mmoja akalifundisha, na wengine wakakaa darasani. Baadaye huketi, wakalirekebisha, na pengine mwingine akalifundisha kwa darasa jingine. Jambo la kuzingatia ni mahali wanapotazama. Hawamtazami mwalimu kama mkaguzi amtazamavyo, huwatazama wanafunzi. Ni wangapi walioandika utabiri wao? Yule wa dawati la nyuma alinakili jibu la nani? Ni neno gani lililowafanya wanyamaze? Mwalimu anayefundisha hawezi kuyaona hayo yote, kwa kuwa ana kazi nyingine mikononi.

Katika miaka ya karibuni Tanzania nayo imeweka utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ufahamikao kwa kifupi MEWAKA, ambamo walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza. Utaratibu huu unakaribia desturi ile ya Kijapani, iwapo mikutano yake itahusu somo lililoonekana, wala si kusomeana miongozo.

Ugumu hudhihirika mtu anapofikiria kata kama Mabwerebwere. Katika shule nyingi za vijijini mwalimu wa fizikia ni mmoja, na huyo huyo pengine ndiye afundishaye hisabati. Mwenzake wa somo lake yupo shule nyingine, na wilaya ya Kilosa inafahamu vizuri maji yanavyoweza kuwatenga watu: mafuriko ya Mto Mkondoa, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliharibu hata reli. Nani basi atamtazama mwalimu huyo?

Jibu ni kwamba mwalimu wa Kiswahili aweza kumtazama, na pengine kwa faida kubwa kuliko inavyodhaniwa. Yeye hajui jibu la jaribio, kwa hiyo atatambua upesi maelezo yanapopotea. Atagundua pia jambo ambalo mwalimu wa sayansi hulizoea hata asilione: kwamba katika sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza, ukimya wa darasa mara nyingi si ukosefu wa fikra bali ni ukosefu wa maneno. Mwanafunzi aliyeshindwa kutabiri kwa Kiingereza akiruhusiwa kutabiri kwa Kiswahili huweza kutoa hoja ambayo hakuna aliyeitazamia. Somo la pili la wiki ijayo laweza kuanza na hoja hiyo.

Mara moja kwa muhula, barabara zikiwa zinapitika, shule mbili au tatu za jirani zinaweza kukutana kwa somo moja la wazi. Siku nyingine zote hutosha ukurasa mmoja ulioandikwa na yule aliyekaa nyuma ya darasa, ukahifadhiwa katika jalada la somo ofisini badala ya mkobani mwa mwalimu: seti ya kwanza iliwekwa saa ngapi, wanafunzi wangapi walitabiri kwamba shimo litakauka, swali gani liliulizwa baada ya hapo, kwa maneno yale yale, na ni nani, katika dawati lipi, aliyesema kwamba maji yametoka katika sukari.