Kijiji kilichozaliwa na ndoto ya sukari

Wengi wetu tukisikia jina Uingereza, mawazo huruka moja kwa moja hadi London. Juma hili nawaomba, ndugu wasikilizaji, tuipe London mapumziko. Twende kusini, katika jimbo la Hampshire, ambako mto Beaulieu unapita pembeni mwa msitu wa New Forest kabla haujaingia baharini. Ukingoni mwa mto huo kuna kijiji kidogo mno kiitwacho Buckler's Hard. Ni safu mbili tu za nyumba za matofali mekundu zinazotazamana, na katikati yake barabara pana ya majani inayoteremka mpaka majini.

Neno hilo "Hard" lisitutishe. Kwa mabaharia wa huko maana yake ni ufuko wenye ardhi ngumu ya changarawe, pasipo na tope, ambapo chombo kinaweza kupakia na kupakua.

Lakini kwa nini kijiji cha safu mbili za nyumba kiwe na barabara pana hivyo? Nadhani hapo ndipo penye kisa chetu. Barabara ile haikupimwa kwa ajili ya kijiji. Ilipimwa kwa ajili ya mji wa bandari ambao haukujengwa.

Ardhi ile hapo zamani ilikuwa ya watawa wa Beaulieu, ambao monasteri yao ilianzishwa na Mfalme John mwaka 1204. Mfalme Henry wa Nane alipozivunja monasteri, ilinunuliwa na mkubwa mmoja wa serikali mwaka 1538, na kwa njia ya urithi ikafika mikononi mwa John Montagu, mtawala wa pili wa ukoo huo kuwa na cheo cha Duke. Mwaka 1722 Duke huyu alipewa na Mfalme George wa Kwanza visiwa viwili vya Karibi, St Lucia na St Vincent. Hesabu yake ilikuwa rahisi: sukari ilimwe visiwani, iletwe kwa meli mpaka kwenye mto wake mwenyewe, naye avune faida. Mji wenyewe aliupa jina la Montagu Town.

Tusimame hapo kidogo. Visiwa vile havikuwa mali ya mfalme hata avigawe. Vilikuwa na wenyewe, watu wa kabila la Karibu, na Wafaransa nao walikuwa wakivitolea macho. Tena sukari ya Karibi katika karne ile ililimwa kwa jasho la Waafrika waliouzwa kama bidhaa. Kwa hiyo tunapozisifu nyumba zile nzuri, tukumbuke zilibuniwa zikae juu ya msingi wa namna gani.

Msafara wa Duke ulipofika visiwani, Wafaransa waliokuwa Martinique waliwatimua watu wake mapema mwaka 1723. Sukari haikuja, na mji ukabaki kwenye karatasi. Zikabaki nyumba chache na barabara yake pana.

Kilichokiokoa kijiji ni miti. New Forest ilikuwa na mialoni mingi, chuma kilipatikana jirani, na bandari ya kijeshi ya Portsmouth haikuwa mbali. Serikali ilipohitaji meli za kivita kuliko uwezo wa karakana zake, ikawapa kazi wajenzi binafsi. Mwaka 1744 akatumwa Henry Adams, fundi kijana, kusimamia ujenzi wa meli. Alikuja kwa kazi moja, akakaa kiasi cha miaka sitini.

Mafundi wake hawakutafuta miti iliyonyooka tu. Kwa mataruma ya meli walihitaji matawi yaliyojipinda yenyewe, maana mbao iliyokatwa kufuata pindo lake ni imara kuliko iliyolazimishwa. Magogo yalirundikwa kwenye ile barabara pana, na barabara ya sukari ikawa uwanja wa mbao. Meli ikishashuliwa, ilikokotwa hadi Portsmouth kuwekewa milingoti na mizinga.

Meli yao mashuhuri ni Agamemnon, ya mizinga 64, iliyoshuliwa mwaka 1781. Inasemekana ilimeza mialoni ipatayo 2,000. Mabaharia, jina hilo la Kigiriki likiwapiga chenga, waliiita "mayai na nyama ya nguruwe". Nelson aliiongoza kuanzia mwaka 1793, na husemwa kwamba ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, Agamemnon ilikuwamo pamoja na wenzake wawili wa kijiji hicho hicho, Euryalus na Swiftsure. Henry Adams alifariki mwaka huo huo, akiwa mzee wa miaka zaidi ya tisini.

Wanawe wakairithi kazi. Walipokea zabuni nyingi kuliko mikono yao, wakachelewa, wakatozwa faini, wakafilisika. Hata wasingefilisika, mambo yalikuwa yakibadilika. Vita na Napoleon vilikwisha mwaka 1815, na mteja mkuu akaondoka. Baadaye zikaja meli za chuma, ambazo hazina haja na mialoni ya New Forest. Kijiji kilichotegemea mteja mmoja na mali ghafi moja kikanyamaza.

Kilisikika tena wakati wa Vita Kuu ya Pili, mto ulipotumika kujenga sehemu za bandari za kuelea zilizovushwa hadi Ufaransa kwa ajili ya mashambulizi ya Juni 1944. Siku hizi kinaishi kwa wageni. Nyumba ya fundi Adams ni hoteli, na tangu mwaka 1963 ipo makumbusho ya meli.

Mimi nasema hivi: ukubwa wa mahali si kipimo cha habari zake. Kijiji hiki kimepita katika tamaa ya sukari, kazi ya mbao, vita na utalii, na mara mbili uamuzi uliofanywa mbali ndio uliokiweka au kukiangusha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wenzetu hawa wameweka daftari, na Nelson ana ukurasa wake mkubwa humo. Wapasua mbao walioitengeneza meli yake, na watumwa ambao sukari yao ilitazamiwa kuujenga mji ule, nao wanadai kurasa zao.