Mwako wa umeme: Hatari inayomsubiri fundi kabatini

FUNDI wa umeme anapofungua kabati la swichi kiwandani huogopa zaidi kupigwa na umeme. Hofu hiyo ina msingi, lakini iko hatari nyingine isiyomhitaji aguse hata waya mmoja.

Spana ikiteleza ikaunganisha vyuma viwili vya shaba vyenye umeme, au panya akipenya kabatini, umeme huruka hewani na kuwasha mwako. Joto lake laweza kufikia nyuzi 19,000 za selsiasi, zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua. Shaba hugeuka mvuke, ikatanuka mara 67,000 hivi. Fundi aliye mbele huunguzwa, husukumwa na mshindo na kumwagiwa shaba iliyoyeyuka, yote hayo chini ya sekunde moja.

Kwa wakazi wa Migori, suala hili si la ng'ambo. Bwawa dogo la Gogo kwenye Mto Kuja lilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Leo kuna kiwanda cha sukari cha Sony huko Awendo, na kingine Ndhiwa katika Kaunti jirani ya Homa Bay. Viwanda vya aina hii kwa kawaida huchoma makapi ya miwa ili kujizalishia umeme, hivyo mafundi wake hushughulikia jenereta, transfoma na mota kubwa chini ya paa moja.

Mwaka 1982, mhandisi Ralph Lee alichapisha hesabu za jinsi mwako huu unavyomchoma mtu na umbali alio salama. Jambo moja katika hesabu za aina hiyo lastahili kukaziwa: madhara hukua sambamba na muda. Swichi ikikata umeme kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde badala ya nusu sekunde, joto linalomfikia fundi hupungua hadi moja kwa tano.

Kwa nini basi swichi zisikate papo hapo? Sababu ni mpangilio. Hitilafu ikitokea kwenye mota moja, swichi ya mota hiyo ndiyo inayopaswa kukata, si swichi kuu. Kwa hiyo swichi kuu hucheleweshwa makusudi ili kiwanda kizima kisizimike. Msimu wa kusaga unapopamba moto, huku miwa iliyokatwa ikipoteza sukari uwanjani, kila kuzimika ni hasara, na kishawishi cha kuongeza ucheleweshaji ni kikubwa. Anayekubali kishawishi hicho aelewe kwamba anaokoa tani za miwa kwa kuongeza moto utakaomfikia fundi wake.

Wengi pia hudhani kabati la volti 11,000 ndilo la kuogopwa, na la volti 415 ni la kuchezewa. Mara nyingi mambo huwa kinyume. Mwako ukitokea kati ya transfoma na swichi kuu ya volti 415, kinachoweza kuukata ni fyuzi ya upande wa volti za juu pekee. Fyuzi hiyo huuona mkondo kuwa mdogo, ikasitasita, na mwako ukaendelea.

Tiba ya kwanza ni kuzima. Umeme ukatwe, swichi ifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao fundi mwenyewe, kisha apime. Kipimo nacho kijaribiwe kwanza mahali penye umeme, na kijaribiwe tena baadaye, kwani kipimo kibovu nacho husema hakuna umeme.

Pasipowezekana kuzima, kuna vihisi vinavyouona mwanga wa mwako na kuiamuru swichi ikate mara moja. Kuna pia kitufe cha kuondoa ucheleweshaji kwa muda fundi anapokuwa kazini, na swichi zinazoendeshwa kutoka chumba kingine. Hatua chache za umbali hupunguza joto kwa kiasi kikubwa.

Mavazi huja mwisho. Kalori 1.2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi zatosha kuleta malengelenge. Yako mavazi maalumu ya kukinga kalori 8, na mengine 40. Shati la nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi, na ovaroli ya kawaida ya pamba huweza kushika moto.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa iliyo karibu, na humkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Fundi anayeamriwa kufungua kabati lenye umeme katikati ya msimu ana haki ya kuuliza kwanza swichi iliyo juu yake itachukua muda gani kukata.