Mgongo uliuma, dawa ikaua

Mtu aliyeteguka mgongo akibeba mzigo kazini hatarajiwi kufa. Ataugulia wiki kadhaa, pengine miezi, kisha atarudi kazini au atapewa kazi nyepesi. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 Dk. Gary Franklin, mganga mkuu wa idara ya kazi ya jimbo la Washington, Marekani, alishtuka kuona majalada ya watu waliodai fidia ya mgongo yakifungwa kwa vyeti vya kifo.

Yeye na wenzake walipitia vifo vya wadai fidia vya kati ya 1995 na 2002. Vifo 32, kwa hakika au kwa uwezekano mkubwa, vilitokana na kuzidisha bila kukusudia dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Dawa zenyewe hazikutoka vichochoroni. Daktari aliziandika, duka la dawa likazitoa, bili ikalipwa kama sehemu ya fidia.

Zamani dawa hizi zilikuwa hasa za wagonjwa wa saratani na waliotoka kupasuliwa. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilileta sokoni OxyContin, na mawakala wake wakawaambia madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni dada yake ilikiri mahakamani, huko Virginia, kosa la kupotosha kuhusu hatari hiyo. Wakati huo wafanyakazi wa Washington walikuwa wameshapandishwa dozi: kwa dawa kali za kufanya kazi muda mrefu, wastani wa siku, ukipimwa kwa mofini, ulitoka miligramu 88 mwaka 1996 hadi 132 mwaka 2002.

Mwili huzoea. Kidonge kilichotuliza maumivu Januari, ikifika Juni hakifui dafu. Dozi ikichelewa, arosto inaingia: jasho, kuharisha, usingizi hauji, viungo vyote vinauma, na mgongo ule ule unauma kuliko vingine. Mgonjwa anaamini jeraha halijapona, daktari naye anaongeza dozi. Lakini dawa hizi hupunguza kasi ya kupumua. Zikichanganywa na dawa za usingizi au pombe, mtu anaweza kulala asiamke.

Huko Washington, na vilevile Ohio, bima ya ajali kazini iko mikononi mwa mfuko wa serikali. Kampuni binafsi za bima hazina nafasi. Anayelipa bili zote ndiye anayeona dozi zote. Mwaka 2007 Washington ilitoa mwongozo: daktari asivuke miligramu 120 kwa siku kabla ya kushauriana na bingwa wa maumivu, kama mgonjwa haonyeshi nafuu. Ohio nayo, mwaka 2011, ilikuta wafanyakazi zaidi ya 8,000 walio tegemezi kwa dawa hizi. Ikabana malipo, na kufikia 2017 walikuwa 3,315.

Ila kubana tu hakutoshi. Anayekatiwa dawa ghafla anaweza kuitafuta heroini mtaani. Uzito wa kanuni ya Ohio ya 2016 uko hapo: pamoja na kukataa kulipia dawa zinazoandikwa kiholela, mfuko ulikubali kugharamia tiba ya uraibu uliotokana na matibabu yaliyolipiwa na mfuko wenyewe. Ni haki tupu. Aliyefanywa teja na dawa ya fidia bado ni majeruhi wa kazini, na dai lake halijaisha.