Je, Wajua? Bahari za Kiarabu Zilitembea Kabla ya Kupimwa

Je, wajua kwamba Waarabu walitunga mashairi yenye mizani kamili kwa vizazi vingi kabla ya mtu yeyote kuzipa bahari zao, yaani aina za mizani ya ushairi, majina? Aliyezipima ni Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni mwenye asili ya Oman aliyefanya kazi Basra, Iraki, katika karne ya 8. Alichambua mashairi ya kale akapata bahari 15. Baadaye ikaongezwa ya 16. Husimuliwa kuwa wazo hilo lilimjia sokoni, aliposikia nyundo za wafua shaba.

Kipimo chenyewe ni mpangilio wa silabi nzito na nyepesi. Chukua rajazi, ambayo wengi huihesabu miongoni mwa bahari kongwe kabisa. Kiolezo chake ni mustafilun. Gonga meza: mus, nzito, taf, nzito, i, nyepesi, lun, nzito. Rudia mara tatu, umepata nusu ya mstari.

Wapokezi wa Kiarabu huifungamanisha rajazi na nyimbo za waswaga ngamia. Wanasimulia kuwa Mwarabu wa kale, Mudhar bin Nizar, alianguka kutoka juu ya ngamia, akaumia mkono, akawa analia kwa sauti tamu hata ngamia wakakaza mwendo. Ni ngano, lakini inaonyesha mahali Waarabu wenyewe walipotafuta chimbuko la wizani: safarini, penye mwendo na mzigo.

Waomani waliofika Unyanyembe, Tabora ya leo, katika karne ya 19 walikuta safari ya namna nyingine. Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa na mbung'o waliowaua wanyama wa mizigo, hivyo pembe za ndovu na vitambaa vilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na takriban kilo 30. Kirangozi, kiongozi wa msafara, alitangulia, ngoma ikilia; yeye alianzisha wimbo, msafara ukaitikia. Katika nchi hiyohiyo ya Wanyamwezi na Wasukuma, vikundi vya wakulima vimezoea kuimba vikilima: majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na anayekosa pigo anaonekana papo hapo.

Mapigo ya kazi na safari yapo huku pia, lakini kipimo cha ushairi ni kingine: washairi wa Kiswahili walichukua kutoka kwa Waarabu vina na hata jina la bahari, ila kipimo cha uzito wa silabi hakikushika. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu na hazigawanyiki kuwa nzito na nyepesi kama za Kiarabu. Kwa hiyo malenga wetu huzihesabu: 8 katika mshororo wa utenzi, 16 katika shairi la kawaida, zikigawanywa nane kwa nane. Ukitaka kutunga rajazi halisi kwa Kiswahili, utakwama pale pale penye mus.